Kunenepa si afya, kukonda si ugonjwa: historia fupi ya mizani

Wiki tatu zilizopita mhariri wangu alinituma kuandika habari ya upimaji wa afya wa bure hapa jijini. Foleni ilikuwa ndefu, na kwa kuwa mwandishi naye ni binadamu, nikajipanga. Kijana mwenye koti jeupe akanipandisha kwenye mizani, akanisimamisha kwenye ubao wa urefu, akabofya kikokotoo chake. Kilo 78, mita 1.73.

"Kaka, BMI yako ni 26. Uzito umezidi. Punguza kula. Anayefuata!"

Basi, imetoka hiyo. Hakuniuliza ninakula nini, ninatembea kiasi gani kwa siku, wala ukoo wetu una magonjwa gani. Jioni ile ile simu ikaita. Mama, kutoka Bukoba. Kuna jirani alikuja Dar na akaniona kwenye kituo cha daladala. "Mwanangu, nasikia umekonda sana. Unaumwa? Niambie tu ukweli."

Nilicheka mpaka machozi. Mwili ni ule ule mmoja, lakini asubuhi nilikuwa mnene kupita kiasi na jioni nimekonda hadi mama anaulizia ukweli. Kisha nikamkumbuka shangazi, kicheko kikakata.

Nitamrudia shangazi. Kwanza, jamani, hebu tujiulize: hii namba 26 imetoka wapi? Nani alikaa chini akaamua kwamba 24 ni mzima na 26 ni tatizo? Nilianza kusoma nikidhani nitamkuta daktari. Nikamkuta mtazama nyota.

Jina lake Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1796 na kufariki mwaka 1874. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na elimu ya nyota, na ndiye aliyeanzisha kituo cha kuangalia nyota mjini Brussels. Wataalamu wa nyota wa enzi zake walikuwa na mbinu: ukipima kitu kimoja mara nyingi, kila kipimo kinakuwa na kosa dogo, lakini wastani wa vipimo vyote unakusogeza karibu na ukweli. Quetelet akaihamishia mbinu hiyo kwa watu. Mwaka 1835 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu binadamu, na ndani yake alikuwepo kiumbe aliyemwita "mtu wa wastani". Katika kupima watu aliona kwamba kwa watu wazima uzito hupanda takriban kwa kufuata urefu uliozidishwa kwa urefu. Hapo ndipo ilipotoka ile hesabu ya kugawanya kilo kwa mita mara mita.

Angalia vizuri. Quetelet hakuwa akitafuta mgonjwa. Hakusema ukizidi hapa utakufa. Alitaka kuelewa umati, si kumtibu mtu mmoja. Na umati wenyewe ulikuwa wa Wazungu wa karne ya 19, wakiwemo wanajeshi wa Scotland ambao vipimo vya vifua vyao alivitumia sana kwenye hesabu zake.

Sasa ingieni kampuni za bima. Huyu hana haja na elimu ya nyota, anataka kujua utakufa lini, maana ukifa mapema yeye ndiye anayelipa. Huko Marekani, kampuni ya Metropolitan Life ilitoa majedwali ya uzito "bora" miaka ya 1942 na 1943, ikayarudia mwaka 1959 na tena mwaka 1983. Majedwali yaliandaliwa kutokana na wateja wa bima, yaani watu wenye uwezo wa kununua bima Marekani ya wakati ule, wengi wao weupe. Uzito ulitolewa ukiwa na nguo na viatu. Watu waligawanywa katika maumbo matatu, dogo, la kati na kubwa, na mwanzoni hapakuwa na kipimo kilichoeleweka cha kusema nani yuko umbo gani. Na mwaka 1983 uzito unaofaa ulipandishwa kwa watu wengi. Aliyelala mnene akaamka wa kawaida, bila kuruka kamba hata siku moja!

Mtu wa tatu ni Ancel Keys, mwanasayansi wa Marekani. Huyu majedwali ya bima hakuyapenda. Mwaka 1972 yeye na wenzake walilinganisha hesabu mbalimbali za uzito na urefu kwa wanaume zaidi ya 7,000 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Wakaona hesabu ya Quetelet si kamilifu, ila haizidiwi na nyingine, na ni rahisi. Wakaipa jina BMI. Wanawake hawakuwemo. Na kusudi lilikuwa kupima makundi ya watu kwenye utafiti.

Lakini kitu rahisi kina miguu. Shirika la Afya Duniani lilikubali mipaka tunayoijua: chini ya 18.5 umepungua, 25 umezidi, 30 ni unene wa kupindukia. Mwaka 1998 Marekani nayo ilishusha mpaka wake wa uzito uliozidi kutoka takriban 27 hadi 25, na mamilioni ya watu wakawa "wamezidi" kwa siku moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wakasema kwamba kwa watu wa Asia hatari ya kisukari huanza mapema zaidi, hivyo 23 tayari ni namba ya kuangaliwa. Kumbe mstari ule haukuchorwa na Mungu.

Je, aliyezidi kidogo anakufa mapema? Mwaka 2005 Katherine Flegal na wenzake huko Marekani walichapisha hesabu zilizowakasirisha wengi: vifo vilizidi kwa walionenepa sana na kwa waliokonda sana, lakini si kwa walio kati ya 25 na 30. Mwaka 2013 walikusanya tafiti 97 zenye watu zaidi ya milioni 2.8, na kundi hilo la 25 hadi 30 likaonekana na vifo pungufu kidogo kuliko wale "wa kawaida". Wapo wataalamu waliopinga vikali. Walisema wavutaji sigara na wagonjwa hukonda kabla ya kufa, hivyo kundi la wembamba linaonekana baya kuliko lilivyo. Hoja hiyo ina uzito wake, na mjadala haujaisha. Lakini kama mabingwa wanabishana kuhusu 26, kijana wa koti jeupe alipata wapi uhakika ule?

Tusidanganyane lakini. Sisemi unene hauna madhara. Mafuta yanayojaa tumboni yanahusiana na kisukari, presha na magonjwa ya moyo, na katika tafiti hizo hizo za Flegal wenye BMI kuanzia 35 walikuwa na vifo zaidi. Ninachosema ni kwamba mizani haijui kilo zako zimekaa wapi. Bondia na mwenye kitambi wanaweza kutoka na namba moja. Hata Chama cha Madaktari cha Marekani kilikiri mwaka 2023 kwamba BMI peke yake haitoshi kumpima mtu, na mwaka 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa likapendekeza kiuno nacho kipimwe na mgonjwa aangaliwe viungo vyake vinafanyaje kazi.

Na hili la "punguza kula" nalo lina historia. Mwaka 1863 huko London mtengeneza majeneza na mwandaaji wa mazishi, William Banting, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kikapendwa hadi jina lake likawa kitenzi cha Kiingereza cha kufanya dayati. Kwa hiyo rafiki yako anayekwambia ameacha wanga kwa sababu ni mtindo mpya, mwambie umechelewa zaidi ya miaka 150.

Keys yule yule, kati ya mwaka 1944 na 1945, aliwachukua vijana 36 wa kujitolea huko Minnesota, wazima wa afya, akawapunguzia chakula kwa miezi sita hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Lengo lilikuwa kujua namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana wale walikuwa wakipewa kalori takriban 1,600 kwa siku, kiasi ambacho leo dada zetu wengine wangekiona kingi mno kwa dayati. Wakawa na hasira, huzuni na baridi ya kudumu. Wakaota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Waliporudishiwa chakula, miili ilirudisha mafuta mengi kuliko ya mwanzo. Nikilisoma hilo namkumbuka mwenzangu mmoja wa chumba cha habari anayekunywa chai kavu mpaka jioni, kisha usiku wa manane anaagiza chipsi mayai mbili. Tulikuwa tunamtania kwamba hana nidhamu. Naomba radhi.

Sasa tugeuze shilingi. Huko ni kuogopa kunenepa. Kwetu tulifundishwa kuogopa kukonda.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa ule "Slim", yaani wembamba, na mwaka 1985 jina hilo liliingia kwenye jarida la Lancet katika ripoti kutoka Rakai. Kwetu Kagera uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichotamba kwenye biashara ya magendo. Kizazi kizima kikajifunza kusoma mwili kama gazeti: mashavu yakijaa, uko salama, ukanda wa suruali ukiongezwa tundu, watu wananong'ona. Wakati huo haikuwa ujinga. Hapakuwa na dawa, vipimo vilikuwa haba, na macho ndiyo yaliyokuwa maabara.

Lakini mambo yalibadilika, na macho yetu hayakubadilika. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, mtu anaweza kuishi navyo miaka mingi na kunawiri. Upande wa pili, kisukari kimekuja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 katika vijiji sita vya Tanzania ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja kati ya watu wazima mia. Hali si hiyo tena, hasa mijini.

Hapa ndipo anaingia shangazi yangu. Alikuwa mwanamke wa nguvu, mwenye duka lake na sauti yake. Akaanza kupungua. Anakunywa maji kama ngamia, usiku haachi kutoka chooni. Mtaa ukapitisha hukumu kabla ya kipimo, naye mwenyewe akaiamini. Akaogopa kwenda kupima kwa sababu aliogopa jibu alilokwisha kujipa. Badala yake akaamua kujinenepesha: soda asubuhi, soda mchana, uji wa sukari nyingi jioni, ili mashavu yarudi na midomo ya watu ifunge. Nilipokwenda kumsalimia likizo ya chuo, nikamwambia, "Shikamoo shangazi, umenawiri." Nilidanganya. Akatabasamu, akasema, "Marahaba baba. Ninakula sana siku hizi."

Alipofikishwa hospitali alikuwa hajitambui. Ilikuwa sukari, si kile walichokinong'ona. Kipimo chake ni tone la damu kidoleni na dakika moja ya kusubiri. Tulimzika siku nne baadaye.

Kwa hiyo kijana wa koti jeupe sikumkasirikia sana. Alifanya kosa lile lile la mtaa wetu, la kuutazama mwili kwa nje na kutoa hukumu. Mizani inaweza kutuanzishia maswali, na hapo ndipo kazi yake iishie. Ukiona mwenzako anakonda bila kupanga na kiu haimwishi, usinong'one, mpeleke apime sukari. Ukiona namba yako imepita 25, uliza presha yako, sukari yako, kiuno chako na mwendo wako kabla ya kujinyima chakula.

Mimi nilirudi wiki iliyofuata kupima sukari na presha. Viko sawa. Nikampigia mama kumwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na shangazi yako angepimwa hivyo mapema?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Ninyi je, mmepima?