Ngozi Iliyoitwa Moroko

Katika karne ya 19 watu wa Pwani waliita kitambaa cha pamba merikani, kwa kuwa kililetwa na merikebu za Marekani. Na viwanda vya nchi nyingine vilipoanza kukiiga, jina halikubadilika. Waingereza nao wana neno la namna hiyo. Wakitaja morocco kwa herufi ndogo, hawakusudii nchi ya Moroko bali ngozi laini ya mbuzi, ambayo kwa desturi ilikuwa nyekundu. Wafaransa huiita maroquin. Ngozi hiyo ilitukuzwa sana na wajalidi wa vitabu wa Ulaya. Jean Grolier, aliyefariki mwaka 1565, alijalidiwa vitabu vyake vingi kwayo. Na neno jalada lenyewe, tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni ngozi.

Nchi ilipata jina hilo la Kizungu kutokana na mji wa Marrakesh, uliojengwa na Murabitun karibu na mwaka 1070. Wenyewe huita nchi yao al-Maghrib, yaani machweo. Wala haifai kukana ustadi wao: huko Fez mafundi wangali wakiloweka ngozi katika mabirika ya chokaa na kinyesi cha njiwa, kazi ambayo mgeni huitambua kwa pua kabla ya macho.

Lakini sehemu kubwa ya ngozi iliyouzwa Ulaya kwa jina hilo haikutoka Moroko. Ilitoka nchi ya Wahausa, kusini ya Sahara, walikofugwa mbuzi wekundu wa Sokoto. Wahausa walidabighi ngozi kwa matunda ya mgunga, wakazitia wekundu kwa mabua ya mtama. Heinrich Barth, aliyefika Kano mwaka 1851, aliandika kwamba ngozi za mji huo zilipelekwa kwa wingi hata Tripoli. Misafara ya ngamia ilizivusha jangwa kwa miezi, na Mzungu aliyezinunua pwani ya kaskazini aliliona soko la mwisho tu. Akaipa bidhaa jina la mlango, asiulize habari za nyumba.

Kufikia mwaka 1912 Kano ilikuwa imeunganishwa na Lagos kwa reli, na ngozi zikashika njia ya bahari, zisipite tena kwa Waarabu wa kaskazini. Huko London wajalidi waliendelea kuziita morocco.