Misuko ya Nywele katika Nyumba za Madina



Ndugu wasomaji, dada anayejisuka mwenyewe nyumbani anaijua kazi hiyo. Mikono inachoka, shingo inauma, na msuko wa kisogoni hukataa kunyooka kwa sababu hauoni. Akishamaliza anaambiwa kuwa kila akioga janaba lazima afumue zote. Wapo wanaochelewesha josho kwa neno hilo, na Swala inawapita. Neno lenyewe si geni. Lilisemwa zamani, na likajibiwa na wanawake wa nyumba ya Mtume (S.A.W.).

Bi Ummu Salama (R.A.), aliyeolewa na Mtume mwaka wa 4 Hijria, alikuwa akijisuka mwenyewe, tena akikaza sana. Alimweleza Mtume hivyo waziwazi, akauliza kama afumue kwa ajili ya janaba. Akajibiwa hapana, inamtosha kujimwagia maji kichwani kwa viganja mara tatu, kisha amwagie mwili wote. Habari hii imo katika Sahih Muslim. Hakuona haya kupeleka jambo la nywele zake kwa Mtume, wala hakuambiwa kuwa ni dogo.

Baadaye Bi Aisha (R.A.) alisikia kwamba Abdullah bin Amr, sahaba mwenye elimu kubwa, anawaamuru wanawake wafumue nywele wanapooga. Alishangaa sana, akauliza mbona asiwaamuru wanyoe kabisa! Akatoa ushahidi wake: alikuwa akioga na Mtume kutoka chombo kimoja, na hakuzidisha kujimwagia kichwani zaidi ya mara tatu.

Lakini tusiseme nusu. Katika Hija ya mwaka wa 10 Hijria, Bi Aisha alipokuwa katika hedhi, Mtume alimwambia afumue nywele na achane. Ndiyo maana wanazuoni wa Hanbali hutenganisha josho la hedhi na la janaba. Sisi wa Shafii tunatazama maji: yakifika kwenye mashina na ndani ya msuko, hakuna kufumua, msuko ukiyazuia, unafumuliwa.

Na wavulana wasicheke. Bi Ummu Hani amepokea kwamba Mtume alipofika Makka alikuwa na misuko minne.

Habari inayonigusa zaidi ni ya mwaka wa 8 Hijria, alipofariki Zaynab, binti ya Mtume. Wanawake walikusanyika kumwosha, Ummu Atiyya akiwemo. Walizifumua nywele zake, wakaziosha, wakazichana. Kisha wakamsuka misuko mitatu, miwili ya pembeni na mmoja wa utosini, wakailaza nyuma yake. Baba yake alikuwa amewapa shuka yake mwenyewe, wakamvika iguse mwili wake.