Kung'arisha Gari la Rangi ya Fedha

Kabla ya mwaka 1923, mabodi ya magari ya Marekani yalipakwa vanishi tabaka juu ya tabaka, kazi iliyoweza kuchukua wiki kadhaa, mpaka kampuni ya DuPont ilipoleta Duco, yaani rangi ya nitroselulosi inayopulizwa na kukauka upesi, ambayo General Motors iliitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Kwa kuwa rangi hiyo ilikauka ikiwa imefifia, ilibidi isuguliwe ndipo ing'ae.

Rangi ya fedha ilikuwa na taabu yake, kwa maana mng'ao wake hutokana na chembe bapa za alumini, mfano wa magamba ya dagaa, ambazo fundi alipozifikia kwa mashine zilichafua sifongo kwa weusi na kuacha bodi na mabaka. Tabaka angavu lisilo na rangi, lililoenea katika miaka ya 1980, ndilo lililoziokoa, ingawa unene wake ni takriban mikroni 40 hadi 50 tu, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, hivyo kila mzunguko wa mashine hula akiba isiyorudi. Fundi mwangalifu, basi, huuogopa msasa, karatasi yenye jina la mti ambao majani yake makavu yalilainishia mbao, kisha hulilinda tabaka hilo kwa nta ya karnauba, inayokung'utwa kutoka majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili.