Kutoka Airplane hadi Starship: bendi iliyoishiwa nyimbo zake

Machi 1985 wanasheria walimaliza ugomvi wa Jefferson Starship, bendi kongwe ya roki ya San Francisco. Mpiga gitaa Paul Kantner, mwanzilishi wa mwisho aliyekuwa amebaki, alikuwa amejitoa mwaka uliotangulia akilalamika kwamba muziki wao umekuwa wa biashara mno. Aliondoka na malipo yake, na neno Jefferson likaondoka katika jina la bendi. Waliobaki wakajiita Starship tu, wakaingia studio, na kabla ya mwaka kwisha wimbo wao ukawa namba moja Marekani. Walipokuwa Jefferson Airplane, jina lao la awali, hilo halikupata kutokea.

Airplane ilizaliwa 1965, mwimbaji Marty Balin alipogeuza mgahawa wa piza wa Mtaa wa Fillmore kuwa klabu iliyoitwa Matrix, akahitaji bendi ya kupiga humo. Mwaka uliofuata alijiunga Grace Slick, akitokea bendi nyingine ya mjini humo. Hakuja mikono mitupu: alileta nyimbo “White Rabbit”, alioutunga mwenyewe, na “Somebody to Love”, wa shemeji yake Darby. Hizo mbili ndizo zilizoibeba albamu ya 1967, Surrealistic Pillow. Agosti 1969, kwenye tamasha la Woodstock, walipangiwa kupiga Jumamosi usiku. Ratiba ikavurugika, wakapanda jukwaani Jumapili jua limeshatoka. Desemba ya mwaka huohuo, kwenye tamasha la Altamont, Balin alijaribu kuingilia fujo mbele ya jukwaa, na mmoja wa Hells Angels, genge la pikipiki lililopewa kazi ya ulinzi, akampiga hadi akazirai. Albamu yao ya mwaka huo, Volunteers, ilipinga vita vya Vietnam waziwazi.

Wala tusiwafanye malaika. Mwaka 1967, hippi wakiwa wamefurika San Francisco, bendi hii ilirekodi matangazo ya redio ya suruali za Levi's. Mwaka 1975, ikiwa tayari Jefferson Starship, albamu ya Red Octopus ilifika kileleni kwa nguvu ya “Miracles”, wimbo laini wa mapenzi. Lakini “Miracles” aliutunga Balin mwenyewe, naye ndiye aliyeuimba. Ilikuwa biashara, ila mali ilikuwa yao.

Mwaka 1985 mali ikaanza kuletwa kutoka nje. “We Built This City” ulianzia kwa Bernie Taupin, mshairi wa Elton John, akiwa na uchungu kwamba klabu za Los Angeles zinafungwa na bendi hazina pa kupiga. Ukapita mikono mingine mitatu, ya mwisho ikiwa ya Peter Wolf, mpiga kinanda kutoka Austria aliyesimamia kurekodi, ukatoka unang'aa kwa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Katikati inasikika sauti ya Les Garland, bosi wa MTV, akijifanya mtangazaji wa redio anayetazama foleni ya magari kwenye daraja la Golden Gate. Vituo vingine vya redio vilitia hapo maelezo ya miji yao, au majina ya vituo vyenyewe. Basi wimbo uliozaliwa kulilia muziki wa mji mmoja ukawa tangazo la mji wowote ule.

“Sara” ukafika namba moja Machi 1986. Aprili 1987 ukafuata “Nothing's Gonna Stop Us Now”, kutoka filamu ya Mannequin, kazi ya Diane Warren na Albert Hammond. Huenda umewahi kuusikia huu hata kama roki huijui. Nyimbo tatu kileleni, na hakuna hata mmoja uliotungwa na mwanabendi. Kwangu mimi, hapo ndipo hasara ilipo, kuliko kwenye fedha. Slick, mtunzi mwenye ulimi mkali, akiwa na miaka 47 alikuwa akigawana na mwimbaji mwenzake Mickey Thomas mistari ya kuletewa. Mpiga besi Pete Sears alichoshwa na mwelekeo huo, akaondoka 1987. Slick akafuata mwaka uliofuata, na baadaye hakuficha kwamba “We Built This City” haukumpendeza. Mwaka 2004 jarida la Blender liliutaja kuwa wimbo mbaya kuliko zote. Mimi nadhani walizidisha, kwani kiitikio chake hakikutoki kichwani.

Mwaka 1989 Airplane ya zamani, Kantner na Balin wakiwamo, iliungana tena kwa albamu moja iliyopita kimyakimya. Slick akastaafu jukwaa, akashika brashi ya kuchorea. Mwaka 2017 mgahawa wa kuku wa Chick-fil-A uliomba kutumia “Nothing's Gonna Stop Us Now” katika tangazo. Slick hakukubaliana na msimamo wa kampuni hiyo dhidi ya ndoa za jinsia moja, lakini alikubali, kisha akatangaza kwamba fedha atakazopata zote zinakwenda kwa Lambda Legal, shirika la wanasheria wanaopigania haki za mashoga.