Kulimbika Shinikizo: Historia ya Mitambo Miwili na Neno Moja

Mkiwa, mkoani Singida, ni njia panda. Barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini hukutana hapo na ile itokayo Itigi, nayo malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita mchana na usiku. Hapo ndipo tulipowasikia madereva wakizungumza juu ya "kuamsha turbo" kabla ya kuliondoa gari la otomatiki. Wengine walisema "kupandisha turbo", na wengine "kuijaza". Tendo ni moja, maneno ni matatu, na kila neno humpeleka msikilizaji njia yake. Kabla ya kuchagua istilahi, yafaa tuijue historia ya kitu chenyewe.

Mitambo inayohusika ni miwili, na hataza za yote miwili ziliandikishwa mwaka 1905. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alibuni njia ya kuutumia moshi wa injini badala ya kuuacha upotee. Moshi utokao huzungusha gurudumu lenye mapanga. Gurudumu hilo huzungusha la pili lililo katika mhimili uleule, nalo la pili hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Hiyo ndiyo turbo.

Mwaka huohuo Hermann Föttinger, mhandisi wa Kijerumani aliyefanya kazi katika karakana ya meli mjini Stettin, alibuni mtambo wa kupitisha nguvu ndani ya umajimaji. Gurudumu moja la mapanga husukuma umajimaji, nao husukuma gurudumu jingine, pasipo chuma kugusa chuma. Hiyo ndiyo asili ya konveta ya giaboksi ya otomatiki.

Mitambo yote miwili ilitumika melini kabla ya kuingia katika magari madogo. Wa Föttinger ulikusudiwa meli tangu mwanzo; na katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilitiwa injini za dizeli zenye turbo. Konveta iliingia katika magari ya Buick mwaka 1948. Turbo ilifika katika magari madogo ya kuuzwa kwa watu wote mwaka 1962, katika Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair.

Turbo, hata hivyo, ina udhaifu wake. Injini ikizunguka polepole moshi ni haba, na moshi ukiwa haba hewa haishindiliwi. Mwenye klachi ana dawa yake. Toyota Celica ya turbo, ambayo Björn Waldegård alishindia Safari Rally mwaka 1984, ilikuwa na klachi: dereva aliweza kuizungusha injini kwa kasi kabla gari halijaondoka. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Dereva wake hushikilia breki kwa mguu wa kushoto na kuongeza mafuta kwa mguu wa kulia. Konveta huiruhusu injini kuzunguka mpaka kiwango fulani ilhali magurudumu yamesimama. Moshi huongezeka, shinikizo la hewa hupanda, kisha breki huachwa.

Lakini nguvu isiyoendesha magurudumu haipotei. Hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta ya giaboksi. Tendo hili basi ni la sekunde mbili tatu tu, wala si la kila safari.

Hapa ndipo neno linapokuwa na uzito. Kijana mmoja tuliyezungumza naye Mkiwa alikuwa ameambiwa "aamshe turbo", akakanyaga breki na mafuta pamoja hata giaboksi ikanuka kuungua. Hatuwezi kumlaumu peke yake. Kilichoamshwa aghalabu huachwa macho. Neno hilo halikumwambia lini aache. "Kupandisha" nako hakuna kilele, na "kuijaza" humfanya mtu adhani turbo ni chombo cha kuwekea akiba.

Kiswahili kina neno la zamani lifaalo zaidi: kulimbika. Katika nchi kavu kama Singida, mtu achimbaye kisima mchangani haoni maji mengi mara moja. Huyalimbika: huyaacha yakusanyike kidogo kidogo, na yakishafika kadiri ya kutekwa huyateka. Asiyesubiri huteka tope. Neno hili lina kukusanya na lina mwisho wake pia, kwa maana hakuna alimbikaye maji asiyakusudie kuyateka. Tena si geni katika istilahi: wanauchumi wamekwisha kutuzoesha ulimbikizaji wa mali, na watumishi wanayajua malimbikizo ya mishahara.

Kwa hiyo tunapendekeza kitenzi "kulimbika shinikizo" na nomino "mlimbiko wa shinikizo". Jina "turbo" tunaliacha lilivyo, kwani limekwisha kuwa la watu. Tunalolitafuta ni neno la tendo, litakalomwambia dereva la kufanya na mahali pa kukomea. Mafundi na madereva ndio watakaolipima, nasi tunangoja maoni yao.