Protini za uso wa meningokoki B: majaribio kwa panya

Majaribio haya ndiyo yaliyozaa chanjo ya 4CMenB, dhidi ya bakteria Neisseria meningitidis wa kundi B anayesababisha homa ya uti wa mgongo. Ganda la sukari la bakteria huyu hufanana na molekuli za ubongo wa binadamu, hivyo kinga ya mwili hulipuuza. Ndiyo maana watafiti waligeukia protini. Timu ya Rino Rappuoli na Mariagrazia Pizza mjini Siena, Italia, ilipekua jenomu ya bakteria, ikazalisha takriban protini 350 ndani ya E. coli, kisha ikawadunga panya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000.

Wingi wa kingamwili pekee haukutosha. Seramu ya panya ilichanganywa na bakteria hai pamoja na komplementi (protini za damu zinazosaidia kingamwili kuua bakteria), halafu makoloni yaliyoota kwenye sahani yakahesabiwa: yakipungua, seramu inaua. Protini nyingi ziliangukia hapo.

Hata hivyo, panya ni shahidi wa kutiliwa shaka. Protini ya fHbp, mojawapo ya zilizofaulu, hunasa faktari H, protini ya damu, ya binadamu, si ya panya. Panya waliopandikizwa jeni ya faktari H ya binadamu walijenga kinga hafifu zaidi. Licha ya hayo, Ulaya iliidhinisha chanjo ya 4CMenB Januari 2013.