Kufokafoka Kulipita Barabara Hii

Ukitaka kuijua historia ya hip hop usiishie Dar es Salaam. Njoo Igawa, kaa kando ya barabara kuu, uangalie malori yanayokwenda Tunduma. Kaka yangu mkubwa anasema enzi zao kanda zilikuja kwa njia hiyo: utingo anashuka kula wali, anawaachia kaseti mnakili, akirudi kutoka mpakani mnamrudishia chake. Kanda iliyonakiliwa mara tano ilikwaruza kuliko kuimba, lakini masela waliikariri neno kwa neno, hata maneno ya Kiingereza wasiyoyajua maana.

Chanzo chenyewe ni Bronx, New York, Agosti 11, 1973, kwenye sherehe ya Kool Herc, kijana aliyetokea Jamaika. Huko sikai, wameshaandika wengi. Mimi nataka mwaka 1991, Saleh Jabir alipochukua mdundo wa Vanilla Ice akaumwagia Kiswahili. Wapo wanaocheka kwamba alikopi. Sawa, alikopi mdundo. Lakini baada yake hakuna aliyeweza kusema Kiswahili hakifoki. Mwaka 1993 likaja kundi la Kwanza Unit, na mwaka 1995 Joseph Mbilinyi, yule 2 Proud aliyekuja kuitwa Mr. II na baadaye Sugu, akatoa albamu ya Ni Mimi. Nairobi nako, Kalamashaka wa Dandora walitikisa na Tafsiri Hii mwaka 1997.

Huyo Sugu ndiye wa kwetu, wa Mbeya. Dingi aliuita muziki ule uhuni, na kaka alichapwa kwa ajili yake. Halafu mwaka 2010 mhuni akawa mbunge wa Mbeya Mjini, akakaa Bungeni mpaka 2020! Sisi wa Igawa tuko Mbarali, kura yetu haikuwa yake, ila nakumbuka dingi alivyonyamaza taarifa ya habari iliposomwa. Kaka naye hakusema kitu, alitoka nje tu.

Kwangu mimi jambo hili si la muziki peke yake. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza riwaya kwa Kiswahili cha mtihani. Wahusika wangu, makondakta na wapiga debe, walizungumza kama wanasoma risala mbele ya mkuu wa mkoa. Nikaichana. Kilichonionyesha njia ni boksi la kaseti za kaka: kumbe mtu anaweza kusema njaa, polisi na kukosa kazi kwa lugha ya kijiweni, na bado vina vikakaa sawasawa.

Madogo wa hapa leo wanasikiliza amapiano kwenye simu. Siwalaumu, inachezeka. Ila boksi la kaka lina kanda kumi na nne, mbili zimeliwa na panya, na redio ya kuzipigia imekufa. Fundi mmoja Rujewa bado anayo inayofanya kazi. Kila Jumamosi napanda daladala na daftari langu, nasikiliza, nasimamisha, naandika. Nimefika kanda ya tano.